Nesi wa Moa na Njia ya Kondoa

Tulimwita Nesi, basi. Baada yake wamekuja wauguzi wengine kwenye zahanati yetu huku Moa, wazuri na wenye huruma, lakini hao tunawaita kwa majina yao. Neno lenyewe, likiwa tupu, lilishapata mwenyewe. Ukisema "Nesi alisema" mbele ya mtu mzima yeyote wa kijijini, hakuulizi ni yupi.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mabega mapana na sauti iliyoingia mlangoni kabla yake. Kwao ni Kondoa, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, maneno yamenyooka kama misumari. Watoto wa Kidigo walikuwa wakimwigiza nyuma ya ukuta, naye akiwasikia alitoka nje akawasahihisha namna ya kumwigiza vizuri. Mimi nilikuwa jirani yake. Nyumba ya baba yangu, duka mbele na familia nyuma, ilitazamana na zahanati, nami wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi. Kwa hiyo yeye aliniita Mwalimu, hata nilipokwenda kwake na kichwa wazi kuomba chumvi.

Watu wengi wa Moa wanamkumbuka kwa sindano. Mimi namkumbuka kwa pikipiki. Ilikuwa pikipiki ya miguu mirefu, ya aina wanayopanda mabwana shamba, rangi yake imefifia hata usijue ilianza nyekundu au kahawia. Aliinunua ikiwa kuukuu, akaifungua na kuifunga upya mwenyewe mara nyingi kiasi kwamba sidhani kama ilibaki na kitu ilichozaliwa nacho. Asubuhi aliipangusa kabla hajanywa chai. Vijana wa bodaboda walimheshimu kuliko walivyomheshimu mwenyekiti wa kijiji. Walimletea pikipiki zao asikilize injini, naye aliinamisha kichwa kama anayepima mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, kisha akasema kinachouma. Lakini kijana akija bila kofia ngumu, Nesi hakumsikilizia kitu. Alimwambia aende kwanza akakichukue kichwa chake huko alikokiacha.

Siku moja kijana mmoja wa bodaboda alikuwa akimleta mama mjamzito kutoka kitongoji cha mbali, njia ya mashimo, mama analia na kijana analia. Nesi alikutana nao njiani akitoka kwenye chanjo. Aliegesha ya kwake kichakani, akamwondoa kijana kwenye usukani, akamweka nyuma kabisa amshike mama kiunoni, akaendesha yeye. Yule mama alisimulia baadaye kwamba hakuhisi shimo hata moja. Walifika, mtoto akazaliwa kabla chai haijachemka, wa kike, mwenye afya. Nesi alinawa mikono, akamgeukia kijana aliyekuwa amekaa chini ukumbini, akamwambia, "Asiyejua kungoja asizae. Na asiyejua kwenda polepole asibebe anayezaa." Maneno hayo vijana waliyaandika kwenye vibati vya nyuma vya pikipiki zao, na ukienda kijiweni leo utayakuta, ingawa wengi wanaotembea nayo hawakumwona aliyeyasema.

Alikuwa na misemo mingi ya namna hiyo, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kuivunja. Alimkataza baba yangu sukari. Baba alikuwa na kisukari, na kama Waarabu wengi wa pwani yetu alihesabu kwamba mgeni asiyepewa halua hajakaribishwa, na kwamba mwenye nyumba hawezi kumwacha mgeni ale peke yake. Nesi alikuja dukani kila jioni kumkagua. Alimsomea hukumu ya halua, hatari zake zote, miguu, macho na figo, huku mkono wake ukienda kwenye sahani ukimaliza kipande baada ya kipande. Baba alimtazama tu. Alipofika kipande cha mwisho baba alimuuliza kama hiyo nayo ni dawa. Akasema ndiyo, anamwondolea kishawishi.

Alikuwa Mkatoliki, na kanisa la karibu lilikuwa mbali, kwa hiyo Jumapili zake nyingi zilipita akiosha pikipiki na kuimba nyimbo za kanisani peke yake. Kwenye maulidi alikaa na akina mama, kanga kichwani, akashika kaswida kwa sikio bila kujua maana ya neno hata moja. Baadaye alizichanganya na nyimbo zake mwenyewe, akawa anaimba wimbo unaoanzia kanisani na kumalizikia msikitini. Mwezi wa Ramadhani hakupika mchana. Alisema harufu ya kitunguu ni uchokozi. Ila nilimwona mara moja, nyuma ya tangi la maji la zahanati, anakula chapati mbili zilizokunjwa kama mtoto aliyeiba, na tulipogongana macho aliweka kidole mdomoni.

Na aliogopa maji. Hili lilitustaajabisha kuliko yote. Mtu aliishi miaka yote hiyo mahali ambapo ukitoka nyumbani unakanyaga ufuo, na sikuwahi kumwona ameingiza mguu baharini kupita kifundo. Palikuwa na kitongoji ng'ambo ya mikoko, mwendo mfupi tu kwa mtumbwi, ambako alitakiwa kwenda kuwapima watoto. Alizunguka kwa pikipiki asubuhi nzima, mashamba ya watu na mashamba ya minazi, afike kwa nchi kavu. Wavuvi walimcheka. Aliwajibu kwamba barabara ikimchukia itamwangusha, atainuka, lakini maji yakimchukia hayamrudishi.

Kila mwaka mwezi wa Desemba alichukua likizo akaenda kwao Kondoa kwa pikipiki. Mabasi yalikuwepo, lakini ndani ya basi alitapika kuanzia stendi, hata basi halijaondoka. Basi pia linazunguka njia za lami, na yeye alipenda njia ya ndani: unaiacha Tanga, Muheza, Segera, unapandisha Handeni, halafu lami inakwisha na dunia inafunguka. Kibirashi, nyika ya Wamasai, Kibaya, kisha nchi ya Warangi. Aliporudi mwezi wa Januari alikuwa amekonda na kung'aa, na alileta asali, mahindi ya kukaanga, na hadithi ambazo baba yangu alizingoja kuliko asali.

Kuna mwaka nilikwenda naye. Shule imefungwa, nami sikuwa nimevuka Korogwe maisha yangu yote, jambo ambalo nilikuwa nikiwaficha wanafunzi wangu kila nilipowachorea ramani ya Tanzania ubaoni. Yeye alikuwa amevunjika mkono, ndiyo kwanza umepona, alitaka mtu wa kumsaidia kuiinua pikipiki ikilala. Tulipatana ukumbini kwake. Ilibaki ruhusa ya baba, kwa sababu nilikuwa bado nyumbani kwake, na kwetu msichana haondoki kwa pikipiki kwenda nyika za watu.

Nesi alikwenda dukani mwenyewe. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akizungusha tasbihi, kisha akamuuliza, "Na mkianguka?"

"Tutainuka, mzee wangu. Na wa kufunga bandeji si yuko hapohapo?"

Baba aliiweka tasbihi juu ya kaunta. Mwisho alisema kwamba nivae suruali ndani ya baibui, nisiache sala, na nimpigie simu kila penye mtandao. Aliingia ndani akatoka na kofia ngumu mpya. Sikujua kama alikuwa nayo. Alikuwa ameshaiagiza mjini wiki ile, kabla hata hajaulizwa.

Tuliondoka alfajiri. Sitasimulia lami, kila mtu anaijua. Tulilala Handeni kwenye gesti ya mama mmoja aliyemkumbatia Nesi kama ndugu, akatuandalia ugali na maharage na maji ya moto ya kuoga. Asubuhi yake, baada ya mji, tairi likaanza kusema lugha nyingine. Vumbi jekundu, kisha kokoto, kisha mchanga laini kama unga, ambao pikipiki inauchukia. Nilimshika Nesi kiunoni nikafumba macho. Alihisi, akapunguza mwendo, akageuza kichwa kidogo akaniambia kwamba mchanga ukiuogopa utakushika na ukiudharau utakuangusha, mtu anausalimia tu na kupita. Nikafumbua macho. Mbele yetu palikuwa hakuna kitu, na kitu hicho kilikuwa kikubwa mno: migunga imetawanyika, vilima vya buluu mbali, mbingu imekaa chini karibu na ardhi. Mimi niliyezaliwa ufuoni nilidhani bahari peke yake ndiyo yenye upana ule.

Wakati wa sala alisimamisha pikipiki penye kivuli bila mimi kusema. Alinimwagia maji ya kutawadha kutoka kwenye dumu letu, akanikumbusha kibla kiko upande gani kwa kuangalia jua, akakaa pembeni akiwafukuza ng'ombe waliotaka kuja kunusa mkeka wangu.

Mnyororo ulikatika tulipokuwa tumeipita Kibirashi na Kibaya bado iko mbali. Ulitoa mlio mmoja, pikipiki ikawa nyepesi, ikasimama. Kimya kilichofuata sikuwahi kukisikia pengine. Nilitazama mbele na nyuma, hakuna nyumba, hakuna gari, simu haina mtandao. Nesi alitandika kanga, akapanga zana zake juu yake kama anayejiandaa kuzalisha, akaanza kazi huku anaimba wimbo wake wa kanisani unaomalizikia msikitini. Mkono wake mbovu ulimsumbua, kwa hiyo nilishika mimi mnyororo na yeye akaunga. Kidogo tukaona tumezungukwa. Wanawake wa Kimasai walikuwa wametokea, sijui wapi, na ndama wao. Hawakujua Kiswahili kingi na sisi hatukujua Kimasai hata kidogo. Mmoja alichukua kofia yangu ngumu akaivaa juu ya shanga zake, akatembea huku na huku kwa madaha, wenzake wakicheka mpaka wakakaa chini. Walitupa maziwa kutoka kwenye kibuyu. Nesi alimkagua mtoto wa mmoja wao aliyekuwa na jicho jekundu, akamsafisha, akamwachia dawa, akaonyesha kwa vidole na kwa jua nyakati za kuitia. Tulipowasha pikipiki walishangilia kama tumefunga goli.

Kibaya, asubuhi, kwenye mgahawa, tukinywa chai ya rangi na maandazi magumu, ndipo aliponiambia tunakokwenda hasa. Nilijua kuna harusi ya binti wa kaka yake. Sikujua kwamba kaka huyo hakuwa anazungumza naye.

Ilianza siku ya msiba wa baba yao. Nesi alipata habari akiwa Moa, akapanda pikipiki bila kungoja mtu. Aliingia uani kwao amevaa suruali na kofia ngumu, vumbi mwili mzima, mbele ya wazee wote wa ukoo, jeneza likiwa linatolewa. Kaka yake mkubwa aliona aibu. Alimwambia mbele za watu akalitoe lile dude nje ya boma la baba yake. Naye Nesi, ambaye hakujaliwa kunyamaza, alimjibu kwamba lile dude limemfikisha kumtupia baba udongo, na kama angengoja usafiri wa heshima angekuta kaburi limeota majani. Tangu hapo kaka hakumwambia neno. Kila Desemba walikaa chumba kimoja, sahani moja ya ugali kati yao, kaka akisema, "Mama, mwambie huyo asogeze mboga," na Nesi akijibu, "Mama, mwambie imesogea." Mama yao aliyekuwa akipeleka maneno hayo kutoka mkeka hadi mkeka alichoka, akafa, na hapo hata mboga ikakosa wa kuisemea.

Mwaka ule binti alimpigia simu. Alisema, "Shangazi, baba amesema uje harusini."

Nesi alimuuliza kama ni baba aliyesema au ni yeye. Binti akasema kwamba baba hakusema asije.

"Basi ndiyo naenda na hilo," Nesi aliniambia, akichovya andazi kwenye chai. "Hakusema nisije." Alicheka. Ila nilimwona ameshika kikombe kwa mikono miwili, na chai ilishapoa. Alikuwa mtu asiyebabaika akiona damu, naye asubuhi ile alichelewa kuondoka. Alikaza nati ambazo tayari zilikuwa zimekazwa. Alinunua pipi za watoto, akarudi akanunua nyingine.

Nchi ya Warangi tuliingia mchana na mvua ilikuwa imetangulia. Kila korongo tulilovuka lilikuwa na unyevu, kisha matope, kisha kijito cha kuruka. Nesi aliendesha bila kuimba. Tulipofika korongo la mwisho, ambalo ukilivuka unaona bati za nyumba za kwao, tulikuta maji yamejaa. Hayakuwa ya kutisha kwa mtu wa huko. Yalikuwa ya magoti, pengine ya mapaja katikati, mekundu, yanakwenda kwa haraka na vijiti juu yake. Nesi alizima injini. Alishuka, akavua kofia, akasimama kwenye ukingo. Harusi ilikuwa kesho yake asubuhi.

Nilimwambia mimi nimezaliwa majini, nitamshika mkono. Akatikisa kichwa. Alisema pikipiki haiwezi kubaki huku peke yake, lakini wote wawili tulijua kwamba aliyekuwa hawezi siyo pikipiki.

Ng'ambo palikuwa na mtu. Mzee mrefu, mabega mapana, amevaa koti la suti juu ya kaptura, ameegemea fimbo. Vijana wachache walikuwa wamechutama nyuma yake. Sikuhitaji kuambiwa ni nani, maana alisimama kama Nesi anavyosimama mlangoni pa zahanati asubuhi. Walitazamana juu ya maji. Hakuna aliyeinua mkono. Mimi nilianza kusoma dua zote nilizozijua.

Yule mzee alimpa kijana mmoja fimbo, akavua koti akalikunja vizuri akampa mwingine, akaingia majini. Vijana wakamfuata. Alipanda upande wetu, maji yakimchuruzika, akanisalimia mimi kwanza, mgeni, kwa heshima kabisa, akauliza habari za safari na habari za Tanga. Kisha akaizunguka pikipiki, anaitazama, taa, matairi, mizigo iliyofungwa nyuma. Vijana walikuwa wameleta mti mrefu. Waliupitisha, wakafunga kamba, wakainua mabegani. Mmoja akateleza, pikipiki ikayumba.

"Shikeni vizuri," mzee alisema kwa ukali. "Hiyo ni pikipiki ya mdogo wangu."

Nesi aligeuka akatazama vilima. Kaka yake alimwachia muda wa kuvitazama. Halafu akamwita kwa jina la utotoni, ambalo sitalitaja kwa kuwa ni lao, akampa bega. Nesi aliweka mikono yote miwili kwenye bega lile kama kipofu, akaingia majini. Katikati alisimama. Kaka alisimama pia, hakumvuta, maji yakipita kati yao, mpaka yeye mwenyewe aliposogeza mguu. Mimi nilifuata nyuma na viatu vyangu kichwani, baibui limelowa hadi kiunoni, nacheka na kulia kwa pamoja.

Baadaye bibi harusi alitusimulia, amekaa katikati yetu jikoni, kwamba baba yake alikuwa kwenye korongo lile tangu asubuhi. Aliwaambia watu anakagua maji kwa ajili ya lori la wageni. Lori la wageni, binti alisema, lilikuwa linapita njia nyingine kabisa. Na jioni ile, kwenye mkeka, kaka alisema "Sogeza mboga," bila kumtaja mtu wa kati, na Nesi akaisogeza, na watu wote chumbani wakajifanya hawakusikia kitu.

Nilirudi Moa mtu mwingine, ingawa wanafunzi wangu waliona tu kwamba sasa nikichora ramani ubaoni nilikawia sana sehemu za katikati.

Nesi alistaafu miaka kadhaa baada ya hapo. Kijiji kilimfanyia sherehe, pilau na ngoma, na hotuba ndefu za watu aliowazalisha. Baba, macho yake yakiwa yameanza kufifia, alimletea sinia zima la halua akamwambia safari hii hakuna hukumu. Nesi alifunga mizigo kwenye pikipiki akaenda Kondoa moja kwa moja. Tulijua ndiyo mwisho, mtu amerudi kwao. Tukazoea kumsikia kwenye simu, baadaye simu zikapungua, kama zinavyopungua.

Mwaka jana nilitumwa Maramba, upande wa milimani wa wilaya yetu hiihii ya Mkinga, kwenye semina ya walimu. Siku ya gulio nilikwenda kununua ndizi, na nyuma ya fungu la ndizi, ameketi juu ya kigoda, anabishana na mteja kwa ile sauti, nilimkuta. Nilisimama nikadhani macho yananidanganya.

"Usinitazame kama mzimu, Mwalimu," alisema. "Njoo ushike upande wa pili wa hiki kikapu."

Tulipandisha pamoja hadi shambani kwake, kwa miguu, yeye mbele. Nywele zimekuwa nyeupe zote, hatua ni zilezile. Alikuwa na nyumba ndogo ya matofali, migomba, mihogo, mahindi kidogo, na mbuzi. Pikipiki aliiacha Kondoa kwa yule binti wa kaka yake, ambaye sasa naye ni muuguzi na vijiji vyake viko mbalimbali. Aliniketisha barazani tumenye mihogo. Nilingoja hadi nikashindwa, nikamuuliza kulikoni. Je, waligombana tena na kaka?

Hata kidogo, alisema. Kaka alimjengea chumba karibu na cha kwake. Walimpokea vizuri, wakampa kiti cha uvivu, watoto wakamletea maji ya kunawa kila alipojikuna. Hakuruhusiwa kushika jembe wala sufuria. Chochote alichosema walikubali. Alikaa mwaka mzima.

"Ulichoka kupumzika," nikasema.

Alikata kipande cha muhogo, akakitazama, akakitia kwenye sufuria.

"Kule nilikuwa mgeni anayependwa," alisema. "Unajua mgeni ni nani? Ni mtu asiyegombezwa. Nilikuwa naamka asubuhi, mwaka mzima, hakuna aliyenikasirikia. Nikamwambia kaka yangu, mimi kwetu ni hapa, lakini maisha yangu niliyaacha Mkinga, niruhusu niyafuate. Alilia, akaniruhusu. Moa sikutaka, ningekaa pale nimwangalie nesi mpya anavyofanya kazi, nimharibie. Ndiyo nikaja huku juu, ambako hawanijui."

Nilitaka kumwambia kwamba huku juu wanamjua, kwamba kule gulioni nilisikia mama mmoja akimwita Nesi. Lakini kabla sijafungua mdomo, kelele zilisikika chini ya migomba. Mzee wa Kibondei, jirani yake, alikuwa amesimama mpakani, kofia mkononi, anapaza sauti. Wewe Mrangi, alikuwa anasema, mbuzi wako yumo tena kwenye mahindi yangu, na leo nitamla na pembe zake, na usije na pole zako hapa, nimeshashiba pole.

Nesi alinipa kisu. Alisimama, akakaza kanga kiunoni, uso umemchangamka kama mtu aliyeitwa kwenye karamu.

"Menya hiyo iliyobaki," alisema. "Sitachelewa."

Akateremka kwa haraka kati ya migomba, anajibu kabla hajafika.